Mashine ya kuchambua sarafu kutoka Unga Limited: miezi mitano na milimita moja

Choo chetu cha kulipia ni shilingi mia tatu. Kuoga ni elfu moja, sabuni unakuja nayo. Naanza na bei kwa sababu hiyo mia tatu ndiyo iliyonipeleka kwa fundi. Wateja wengi hulipa kwa mia na mia mbili; mwenye jero, yaani mia tano, anarudishiwa mia mbili, mwenye noti ya elfu anarudishiwa jero na mia mbili. Jioni tukifunga, ile ndoo ya rangi ya lita 10 inakuwa na sarafu 500 au 600, Jumamosi zaidi, na nyingi ni mia na mia mbili zilizochanganyika. Zote za njano, zote za duara. Zikishachakaa, usiku, kwenye taa ya bei rahisi, mpaka utafute sura ya Mwalimu au ya Karume ndipo ujue umeshika nini.

Kwa miaka sita kazi ya kuzichambua ilikuwa ya mke wangu, Mama Neema. Anamwaga sinia zima, anazivuta mbilimbili kwa vidole, anajenga minara ya kumikumi. Dakika 40, siku nyingine saa nzima, na mikono inabaki na ile harufu ya sarafu ambayo sabuni haiitoi. Asubuhi saa kumi na moja na nusu makonda wa vifodi, zile daladala ndogo, wanazifuata kwa ajili ya chenji. Wanazitaka zimefungwa za elfu tanotano. Hakuna anayesimama kuhesabiana na wewe huku gari linaunguruma.

Mimi nilikuwa fundi wa matengenezo kwenye kiwanda cha matairi hapa Arusha kabla hakijafungwa. Nikimwona mtu anafanya kwa vidole kazi inayoweza kufanywa na mteremko na tundu, mikono inaniwasha.

Mashine ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya plastiki, ya betri, 95,000, imeagizwa kutoka nje na mtu mwenye duka mjini. Sitaitaja, na kwa kweli haikuwa mbovu. Ilikuwa ya watu wengine. Kwenye vikombe vyake kumeandikwa alama ya euro. Niliichunguza kwa venia, kile kipimo cha kushika kitu na kusoma milimita, jioni ileile. Euro ya senti 50 ina kipenyo cha milimita 24.25, ya euro mbili 25.75, na hiyo ndiyo kubwa kuliko zote walizonazo. Mia yetu, kwa venia yangu, ni 24 hivi, mia mbili ni 25, jero ni 27 na nusu. Kwa hiyo mia ilikuwa inaangukia kwa senti 50 ikiwa na nafasi ya robo milimita, mia mbili kwa euro mbili, na jero haikuwa na pa kwenda. Ilifika mdomoni ikakaa pale kama mgeni aliyekosa mlango, na zote za nyuma zikapanga foleni. Mota ikalia, ikanuka, nikaizima. Mjukuu wangu anaichezea.

Fundi niliyempata yuko Unga Limited, mtaa wa hapahapa Arusha, nyuma ya wachomeleaji wa mageti. Kijana wa miaka 30 na kitu, anatengeneza mashine za kukamulia miwa na za bisi. Nilipomwonyesha mchoro wangu (nilikaa nao siku mbili, una vipimo vyote) aliuangalia kwa adabu, akaukunja, akasema, "Mzee wangu, shikamoo yako naiheshimu, lakini niletee sarafu. Siyo mpya. Niletee hizo za chooni."

Nikampelekea kilo mbili. Hapo nilijua nimefika.

Alichotengeneza hakina umeme wala kioo cha namba. Sarafu zinamwagwa kwenye bakuli la bati lililoinama. Sakafu ya bakuli ni sahani ya plaiwudi yenye matundu manane pembezoni, kila tundu linatosha sarafu moja iliyolala, na kina chake hakifiki unene wa sarafu mbili. Unazungusha hendeli, sahani inapita chini ya rundo, kila tundu linaondoka na sarafu moja. Ikipandia mgongoni mwa mwenzake haina ukingo wa kuishika, na kwa vile bakuli limeinama, inateleza kurudi chini. Kule juu ukuta wa bakuli umekatwa upenyo. Sarafu inatoka, inasimama kwa ukingo wake, inaanza kubiringika kwenye reli.

Reli ndiyo mashine yenyewe, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Imeinamia pande mbili. Inateremka kwenda kulia, hilo kila mtu analiona. Lakini pia imelalia nyuma, kama mzee aliyeegemea kiti, ili sarafu ikibiringika iwe imelaza mgongo ukutani. Ukuta una madirisha matatu. La kwanza ni fupi kuliko yote, la pili refu kidogo, la tatu zaidi. Sarafu ikifika mbele ya dirisha lililo refu kuliko yenyewe, kichwa kinakosa cha kuegemea, inapinduka kinyumenyume na kudumbukia kwenye kopo lake. Ikiwa ndefu kuliko dirisha, kichwa kinashikwa na mdomo wa juu na inapita salama. Hamsini inaondoka kwanza, kisha mia, kisha mia mbili. Jero haina dirisha, inafika mwisho wa reli na kuanguka yenyewe. Hakuna anayepima kitu hapo. Kila sarafu inajichuja kwa urefu wake.

Sasa rudi kwenye vipimo. Hamsini ni kama milimita 21, kutoka hapo hadi mia kuna tatu. Tofauti hiyo hata fundi wa vitanda angeikata. Kati ya mia mbili na jero kuna mbili na nusu. Kati ya mia na mia mbili kuna moja. Dirisha la mia linatakiwa likae katikati, 24 na nusu: nusu milimita ya kuiruhusu mia idumbukie, nusu milimita ya kuizuia mia mbili. Nusu milimita ni karatasi tano za daftari.

Na kila kitu duniani kinataka kuzila hizo karatasi tano. Uchafu ukiganda kwenye reli, sarafu inapanda juu kidogo, mia inajiona ndefu na kupita. Sarafu ikidunda, vilevile. Reli ikilika, inakuwa kinyume: sarafu inazama, na mia mbili inajiona fupi. Mteremko ukiwa mkali, mia inalipita dirisha mbio kabla haijawahi kupinduka. Fundi alianza na mteremko mkali kwa sababu unapendeza, zinashuka zikilia trrrr kama cherehani. Tukapoteza sarafu moja ya mia katika kila kumi. Akaulegeza, akaongeza na upana wa dirisha hadi vidole vinne, zikatulia.

Kosa lake la kwanza kubwa lilikuwa kutumia alumini kwenye reli. Nilimwambia, hakusikia, nami sikusisitiza kwa sababu alumini ilikuwepo na chuma kingetaka hela nyingine. Mwezi wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Mwezi wa pili Mama Neema akaniita: "Baba Neema, hili kopo la mia lina mia mbili." Moja, kesho yake tatu. Nikapitisha ukucha kwenye reli, mbele ya dirisha la pili, nikausikia mfereji. Haukufika nusu milimita, labda robo. Lakini mia mbili za zamani nazo ukingo umekwisha kwa kuzunguka mifukoni, na robo ya huku na robo ya kule zimekutana. Fundi alifungua reli, akachukua msumeno wa chuma uliokwisha makali, ule wembamba wa kukatia nondo, akasaga meno yote kwenye mashine ya kunolea, akaufunga ukisimama kwa ubavu uwe ndiyo njia ya sarafu. Chuma cha msumeno ni kigumu kuliko sarafu yoyote itakayopita juu yake. Nikipitisha ukucha leo, hakuna kitu.

Kitu kilichonifanya nimheshimu hasa ni midomo ya madirisha. Mimi kwenye mchoro wangu nilikuwa nimekata madirisha moja kwa moja kwenye bati, kwa tupa. Yeye alikata madirisha makubwa ya ovyo, kisha juu ya kila moja akafunga kipande cha bati kinachopanda na kushuka, na skrubu mbili kwenye matundu marefu. Tupa ikishakula, huwezi kurudisha. Mdomo wa skrubu unarudi. Na namna anavyoupima ni hii: anasimamisha mia nzima, isiyochakaa, kwenye reli mbele ya dirisha, anaweka juu ya kichwa chake vipande vinne vya karatasi ya daftari, anashusha mdomo mpaka uziguse, anakaza skrubu, anavuta karatasi. Venia yangu ya shilingi ngapi sijui ilikuwa mfukoni muda wote huo, sikuitoa.

Nilimfanyia mtihani kabla ya kumlipa salio. Nilihesabu kwa mkono mia 100, mia mbili 100 na jero 100, nikazichanganya kwenye ndoo, nikazipitisha mara tano. Kwenye kopo la mia hakukuingia mia mbili hata mara moja. Kwenye kopo la mia mbili mia zilizopotea njia zilikuwa mbili, kisha hakuna, kisha tatu, moja, hakuna. Halafu nikafanya kitu ambacho yeye hakuamini kwamba ningefanya: nikatia sarafu za jioni ileile, zenye maji ya sabuni na bazoka. Tisa. Tukaangaliana.

Angalia lakini kosa linaelekea wapi. Mashine ya madirisha ikikosea, mara nyingi inakosea mbele: sarafu inayotakiwa ianguke inapita, inaishia kwa ndugu yake mkubwa. Maana yake mia inahesabiwa mia mbili, unajikuta na pesa usiyokuwa nayo, na konda ndiye anayeigundua, naye hataigundua kwa upole. Nilikuwa tayari kurudisha mashine kwa ajili ya hilo.

Dawa nimeipata kwa bahati, nikiokota skrubu iliyodondoka kwa sumaku ya spika mbovu. Mia ikarukia sumaku. Nikajaribu mia mbili: kimya. Nikajaribu nyingine kumi, ishirini. Zangu zote za mia zinanasa, kwa kuwa ndani ni chuma kilichopakwa tu hiyo njano. Za mia mbili hazinasi, zimechanganywa shaba, nikeli na zinki. Serikali ilikwisha kuzitenganisha kwa ajili yetu tangu zilipotoka na mimi nahangaika na karatasi za daftari. Nilitaka fundi aifunge sumaku ndani ya njia ya kopo la tatu. Akakataa, na alikuwa sahihi: mia ikinasa hapo inakuwa kizuizi, za nyuma zinapanda juu yake, unarudi kwenye foleni ya ile mashine ya euro. Sasa Mama Neema akishamaliza kuzungusha, anamwaga kopo la mia mbili kwenye sinia, anapitisha sumaku juu yake kama anayepiga pasi. Inayoruka ni mia. Sekunde kumi. Kwa vile makosa yanaelekea upande mmoja, kopo hilo moja tu ndilo la kukaguliwa.

Kwa hesabu ya sasa, kutoka ndoo hadi mifuko iliyofungwa ni dakika 12, na hapo nusu ni kufunga mifuko.

Mapungufu yapo. Kubwa ni hamsini. Zimebaki chache, lakini zipo, na zile pembe zake saba zinasumbua. Mteremko wetu ni wa taratibu kwa ajili ya mia, na kwa hamsini mteremko huo ni kama sakafu: inakaa kwa ubavu wake na kusubiri mwenzake aje aisukume. Waingereza wana peni 50 ya pembe saba tangu 1969, pande zake zimepindwa kwa hesabu ili upana uwe uleule popote unapoupima, nayo inapita kwenye mashine kama ya duara. Sawa, lakini kupita tunduni na kubiringika juu ya reli ni mambo mawili. Hata hiyo yao, kitovu chake kinapanda na kushuka ikitembea. Sisi hamsini tunazitoa kwa mkono kabla hatujamwaga. Dirisha la kwanza, kwa ukweli, ni pambo.

Pia ni lazima ikae sawasawa. Meza yetu mguu mmoja ni mfupi, na wiki ya kwanza sarafu zilikuwa zikirukia mbele, miguuni kwetu, kwa sababu reli ilikuwa hailali nyuma vya kutosha. Nikaweka pima maji, nikachomeka kizibo cha soda chini ya mguu. Ukihamisha meza, unaanza upya. Nati ya hendeli inalegea kila wiki mbili, nimeiongezea nati ya pili juu yake. Ukijaza bakuli zaidi ya nusu, sahani inakuwa nzito na matundu yanapita matupu, kwa hiyo usimwage ndoo nzima kwa pupa. Na ina kelele. Bati na sarafu usiku wa Kilombero yetu ya hapa Arusha, jirani yetu wa duka la dawa aliuliza kama tumefungua gereji. Nimegandisha vipande vya tyubu ya baiskeli ndani ya makopo, imepungua.

Fundi mwenyewe alichelewa wiki tatu juu ya wiki mbili alizoahidi, na kila nikipiga simu mashine ilikuwa "inapakwa rangi". Haijapakwa rangi mpaka leo. Nilipouliza garantii akajigusa kifuani. Kwa haki yake, mara zote mbili nilizomwita amekuja, na ile reli ya msumeno hakunitoza.

Jambo moja la huku kwetu ambalo mtu wa mkoa mwingine hatakutana nalo: Namanga iko karibu, na mabasi ya Nairobi yanatuletea wateja. Shilingi 20 ya Kenya, ile ya rangi mbili, ina milimita 26. Fundi alikuwa ameupandisha mdomo wa dirisha la tatu hadi katikati kabisa, 26 na robo, kama kitabu kinavyotaka, na Wakenya wakawa wanaangukia kwa mia mbili na kupotea humo kwenye njano. Tumeushusha hadi 25 na nusu. Sasa wanapita, wanaishia kwa jero, na jero ni nyeupe, kwa hiyo mwenye rangi mbili anaonekana ukiwa mlangoni. Nimeshajaza kopo la majani la sarafu zao. Mwenye safari ya Nairobi aje tubadilishane.

Nimelipa 180,000, vyuma vyake, kazi yake. Kwa mwenye choo, mwenye meza ya pool, au anayekusanya chenji kwa ajili ya makonda, ninaiona inalipa ndani ya miezi michache kwa muda peke yake. Mwenye duka la kawaida anayepata sarafu 80 kwa siku asijisumbue, sinia linatosha. Kama pesa zako nyingi ni hamsini, usinunue kabisa.

Wiki iliyopita mhazini wa usharika wetu alikuja kuitazama. Alizungusha hendeli, akafurahi kama mtoto, akaniuliza fundi yuko wapi akaweke oda leo leo. Mama Neema, ambaye hakuwa amesema neno, akamletea ndoo tupu. "Mzee, sadaka ya Jumapili ije humu kwanza, kama ilivyo, msiioshe. Ikipita yote, mtatoa oda." Jumapili ni keshokutwa. Nimeshakaza nati.